Lipeni Mlichopima

Baba yangu alikuwa karani wa mizani. Kwa miaka 28 alisimama katika ghala moja la Industrial Area, Nairobi: gunia linawekwa, mshale unatulia, yeye anasoma na kuandika. Shule hakwenda mbali, lakini hakuna dereva wa lori aliyewahi kumla hata kilo moja. Kila mwisho wa mwezi karatasi yake ya mshahara ilikuwa na mstari wa makato ya pensheni. Aliikunja karatasi hiyo mara nne na kuitia kwenye kopo la majani chai chini ya kitanda, nyumbani kwetu Kangemi. Siku alipostaafu alilifungua kopo. Ndipo mwajiri wake, ambaye sitamtaja, alipomwambia kwamba makato ya miaka 9 hayakuwahi kupelekwa kokote.

Yalikatwa. Hayakupelekwa. Miaka 9 mkono wa mtu ulikuwa ukiingia mfukoni mwa baba yangu kila mwisho wa mwezi, na karatasi yenye muhuri ikamwambia anawekewa akiba.

Nilikwenda naye ofisini mara nyingi, kopo lake kwapani. Siku moja kijana wa pale akamwambia kwa upole kabisa, "Mzee wangu, tuvumilie kidogo, tunajaribu kukusaidia." Baba, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mbwa, aliipiga meza kwa kiganja. "Kijana wangu, sikuja kusaidiwa. Gunia langu liko juu ya mizani yenu. Someni mshale." Alifariki kabla ya kulipwa pesa zake zote. Zilizosalia zilikuja baada ya matanga, zikaishia kwenye deni la matibabu.

Tangu siku ile, neno "kusaidia" likitajwa karibu na neno "pensheni" damu yangu huchemka. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na neno lenyewe, kwa sababu ndimo dhuluma ilimojificha kwanza.

Warumi wa kale walikuwa na kitenzi pendere. Maana yake kuning'iniza; kisha kupima uzito; kisha kulipa. Maana hizo tatu zilizaana juu ya mizani. Kabla ya sarafu kuenea, malipo yalikuwa shaba: unaining'iniza, unaipima, unamkabidhi mwenye haki yake. Kulipa kulikuwa ni kupima, na mwenye kudai alisimama hapo hapo akiangalia. Kutokana na kitenzi hicho likapatikana pensio, yaani malipo: kodi ya nyumba, au awamu ya deni. Pauni ya Waingereza imo katika ukoo huo, na peso ya Wahispania pia. Pesa yetu haimo, ingawa sikio laweza kudanganyika; hiyo ilitujia pwani na wafanyabiashara kutoka India, jina lake paisa. Basi pensheni, kwa nasaba yake, ni deni linalolipwa kwa awamu baada ya kupimwa mbele ya mdai.

Huhitaji Kilatini kuelewa jambo hili. Nenda soko la Kangemi uwatazame akina mama wa maharagwe. Mama anajaza gorogoro hadi kilele, anapokea pesa yako, anamimina. Hebu afikirie siku moja kukuambia: nimepokea pesa, gorogoro nimeipima, lakini maharagwe haya huna haki nayo, nitakupa nikipenda, ukiwa mpole, rudi Jumanne. Soko zima lingesimama. Mzee wa soko angeitwa. Na hayo, neno kwa neno, ndiyo serikali ya Kenya imewaandikia watumishi wake kwenye kitabu cha sheria, na soko halijasimama.

Sheria ya Pensheni, Sura ya 189 ya Sheria za Kenya, ina kifungu cha 5. Kichwa chake chasema wazi kwamba pensheni si haki. Ndani kinaeleza kwamba hakuna afisa mwenye haki kamili ya fidia kwa utumishi uliopita, wala ya pensheni, wala ya kiinua mgongo, wala ya posho nyingine. Na kwamba hakuna lolote katika sheria hiyo linaloizuia serikali kumfuta afisa wakati wowote bila fidia. Kisome tena polepole, kama unavyosoma barua ya kufutwa kazi. Mwuguzi aliyekesha wadini miaka 35 hana haki kamili. Polisi aliyelala mabatini Turkana hana haki kamili. Karani aliyetunza faili za ardhi bila kuuza hata moja hana haki kamili. Walichonacho, kwa mujibu wa sheria hii, ni tumaini.

Maneno hayo hayakutungwa Nairobi. Yalitungwa London mwaka 1834, enzi ya Mfalme William wa Nne, katika kifungu cha 30 cha sheria ya malipo ya uzeeni ya watumishi wa taji. Wakati ule neno pensheni lilikuwa limekwisha kuugua. Wafalme walikuwa wamezoea kuwagawia pensheni vipenzi vyao, washairi wao na watu wa kuwanyamazisha. Samuel Johnson, mtunga kamusi mkuu wa Kiingereza, alilieleza neno hilo katika kamusi yake ya 1755 kama ujira anaolipwa kibaraka wa dola kwa kuisaliti nchi yake. Mwaka 1762 yeye mwenyewe akapewa pensheni ya pauni 300 kwa mwaka na Mfalme George wa Tatu, akaipokea. Hivyo ndivyo deni lilivyogeuzwa fadhila: mfalme anatoa akipenda, anazuia akichukia, na mpokeaji anajifunza kuinamisha kichwa. Mkoloni alipokuja kutawala watu kwa mikono ya makarani, matarishi na askari, aliibeba fadhila hiyo akaipanda katika sheria za makoloni yake. Nasi tukabadilisha bendera, tukabadilisha majina ya mitaa, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue, lakini fadhila ya mfalme tukaiacha ilivyo.

Unafiki wa Sheria hii ya Pensheni unajianika mtu akipekua kurasa chache mbele, kwenye kanuni za hesabu. Kanuni hizo zinapima! Kila mwezi kamili wa utumishi una uzito wake: sehemu 1 ya 480 ya mshahara wa mwaka. Mchukue karani wa serikali anayeishi Uthiru, aliyetumika miaka 30, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa shilingi 40,000. Miezi yake ni 360. Mshahara wake wa mwaka ni 480,000. Pensheni yake kamili ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Akichukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo inazidishwa kwa 20, anapata shilingi 1,800,000 mara moja. Kisha kila mwezi anapokea 22,500 zilizobaki. Hakuna kubahatisha. Mwezi mmoja ukipungua, mizani inaona. Sasa niambie, kuna sadaka gani duniani inayopimwa kwa usahihi huo? Nani huhesabu miezi 360 ya jasho la mtu, akaigawa kwa 480, akapata jibu hadi shilingi ya mwisho, kisha akasema jibu hilo si deni?

Na iko pensheni moja ambayo nchi hii haijathubutu kuiita tumaini. Ibara ya 151 ya Katiba ya 2010 imetamka kwamba marupurupu ya kustaafu ya rais wa zamani na naibu wake hayawezi kubadilishwa kwa hasara yao maadamu wako hai. Sheria ya 2003 inampa rais mstaafu pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani, juu ya magari, ofisi, walinzi na matibabu. Simwonei wivu rais mstaafu. Alifanya kazi, alipwe. Ninauliza kwa nini mgongo wa mmoja umefungwa kwa mnyororo wa Katiba na mgongo wa mwuguzi umeegemezwa kwenye kifungu cha mfalme wa 1834. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Ibara ya 57 inawaahidi wazee maisha ya heshima. Kifungu cha 5 kinakaa chini ya ahadi hizo kama mchwa chini ya mkeka.

Lakini sitailaumu London peke yake. Lugha yetu wenyewe imeshirikiana na dhuluma hii, nami naipenda mno lugha hii kuweza kunyamaza.

Tunasema mtu amestaafu. Neno limetoka kwa Waarabu, na mzizi wake ndio uliotupa afu, yaani msamaha. Kustaafu kwa asili ni kuomba uondolewe wajibu, kuomba uachiliwe. Mzizi huo huo umetupa afya na afueni, na laiti tungezikumbuka maana hizo mbili, kwamba anayestaafu anakwenda kupata afueni. Tumeikumbuka ya kuomba tu. Kisha tunasema anasubiri kiinua mgongo. Ni neno zuri, naungama. Ndani yake mna picha ya mtu aliyeinama siku nzima kwenye jembe au cherehani, na mtu mwingine aliyeuona mgongo huo. Lakini kiinua mgongo cha wazee wetu kilikuwa bakshishi, kitu cha juu ya ujira, apewacho fundi kazi ikiisha kama shukrani. Ujira alikuwa amelipwa kwanza! Sisi tumelichukua jina la bakshishi tukalivisha ujira wenyewe, kisha tunamshangaa ofisa anayeutoa kana kwamba anatoa mfukoni mwake. Na mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, tukauita nini? Inua Jamii. Tena kuinua. Mzee wa Kenya anainuliwa tu. Hasimami kwa miguu yake kudai.

Sikiliza pia vitenzi vya redioni. Wastaafu "wanapewa", "wanasaidiwa", "wanaombwa wawe na subira". Mwenye nyumba Kawangware hapewi kodi, analipwa. Benki haisaidiwi mkopo wake, inalipwa. Kwa nini basi mzee aliyekopesha nchi miaka 30 ya nguvu zake abadilishiwe kitenzi? Akiba tunayojivunia nayo ni neno lenye nguvu kuliko tunavyolitumia: kwa Waarabu aqiba ni mwisho, matokeo, kile kinachofuata nyuma ya jambo. Akiba ni matokeo ya kazi yako yanayokufuata kwa nyuma. Yasipokufika, kuna aliyeyateka njiani.

Na yametekwa mara nyingi, hapa hapa mjini, tunapopita kila siku.

Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za shaba, askari na mchukuzi wa mizigo, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ziliandikwa maneno kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, ya kuwaahidi wafu kwamba wana wao watawakumbuka. Ni ahadi nyepesi. Shaba haili wala haiugui. Mtaa wa Kariakor ulipata jina lake kutokana na jeshi lile la wachukuzi. Vita vya pili vikaja, wana wa nchi hii wakapelekwa Burma na Uhabeshi, na waliporudi wakapewa kiinua mgongo cha kijeshi. Mwaka 2019 uchunguzi wa Al Jazeera ulionyesha, kwa hati za serikali ya Uingereza yenyewe, kwamba malipo hayo yalipangwa kwa cheo, kwa muda wa utumishi na kwa rangi, hata askari Mwafrika akapata hadi mara tatu chini ya mzungu wa cheo chake. Mizani ilikuwepo. Mtu aliweka kidole chini ya kikombe kimoja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli yake na ndege zake zilikuwa na makao makuu hapa Nairobi, na maelfu ya wafanyakazi wake wakabaki wakiulizana nani sasa anadaiwa pensheni zao. Mawaziri walihitaji hadi Mei 1984 kugawana mali na madeni. Asilimia za nchi zikajulikana: Kenya 42, Tanzania 32, Uganda 26. Nchi zilipimiana hadi asilimia ya mwisho. Wazee wa Tanzania walikuwa bado mahakamani miaka ya 2000, wengine wakiingia na mikongojo.

Na reli? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kisa kinachoniuma zaidi ya cha Muthurwa. Mtaa ule wa matofali, hatua chache kutoka kituo cha mabasi, ulijengewa wafanyakazi wa reli. Serikali ilipoibinafsisha reli mwaka 2006, deni la pensheni za wafanyakazi lilikuwa kubwa, na badala ya pesa mfuko wao wa pensheni ukapewa ardhi na majengo, Muthurwa ikiwemo. Nikusomee jambo hilo kwa lugha ya mizani: mdaiwa alitakiwa kuweka shilingi kwenye kikombe, akaweka nyumba za watu zilizo na watu ndani. Julai 2010 mfuko ukawaamuru wapangaji wahame, ubomoaji ukaanza, maji yakakatwa. Miongoni mwa wapangaji walikuwamo waliowahi kuifanyia reli kazi. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini hapa hata gae lilinyang'anywa, tena kwa jina la pensheni ya mfinyanzi mwenzake. Walikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao za makazi na utu zilikuwa zimevunjwa. Nausifu uamuzi ule. Lakini tazama mahali tulipofikishwa: mzee mmoja anasubiri pensheni, mzee mwingine anasubiri tingatinga, wote wawili ni wa reli, na aliyekuwa na deni tangu mwanzo hayumo hata kwenye picha.

Walimu nao wanajua. Walimu wapatao 52,000 waliostaafu baada ya mkataba wa mishahara wa 1997 walilazimika kushtaki ili pensheni zao zihesabiwe kwa mishahara waliyoahidiwa. Walishinda mahakamani Nakuru mwaka 2008. Kushinda ni jambo moja. Miaka mingi baadaye bado walikuwa wakizifuata pesa zao, na kila mwaka orodha ya walio hai ikapungua. Deni linalolipwa kwa kungoja wadai wafe ndilo ninaloliita wizi, na sitafuti neno laini.

Wakati huo huo, hatua chache tu kutoka Barabara ya Harambee iliko Bima House, makao ya Idara ya Pensheni, wabunge walikuwa wakijipimia. Agosti 2020 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuwalipa wabunge wa zamani, waliotumikia kati ya 1984 na 2001, shilingi 100,000 kila mwezi maisha yao yote. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia sahihi, na alifanya vyema. Lakini kumbuka kasi ile. Hakuna mbunge aliyesimama kuwauliza wenzake kama wana haki kamili. Hakuna aliyeambiwa faili lake halionekani.

Faili! Asubuhi yoyote ya wiki utawaona wanaoshuka kwenye matatu kutoka Kangemi, Kawangware, Uthiru na Kinoo, wakivuka mji kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana amechoka. Mzee kavaa koti la harusi ya bintiye. Mama kafunga leso juu ya sweta, bahasha ya kaki kaishikilia kwa mikono miwili. Ndani ya bahasha mna barua ya ajira, barua ya kupandishwa cheo, nakala ya kitambulisho, nakala ya kadi ya benki. Watu hawa waliitunza serikali kwenye faili maisha yao yote. Kisha serikali ndiyo inayowauliza wao ni nani.

Wako watakaosema: huo ni mfumo wa zamani, mambo yamebadilika. Ni kweli kwa sehemu. Tangu Januari 2021 watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45 wameingizwa kwenye mpango wa kuchangia: wao walianza na asilimia 2 ya mshahara, wakapanda hadi 5, kisha 7.5, na serikali inapaswa kuweka 15. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, NSSF, nao, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukimkata mfanyakazi shilingi 200 na mwajiri 200, umehamia asilimia 6 baada ya Mahakama ya Rufaa kuamua hivyo Februari 2023. Naunga mkono mabadiliko hayo. Shilingi 400 kwa mwezi kwa miaka 20 ni 96,000 kabla ya faida. Huko si kumwandalia mtu uzee, ni kumnunulia jeneza. Lakini kuongeza makato bila kulinda ghala ni kumpimia mtu unga kwenye gunia lenye tundu. Tembea Mtaa wa Monrovia ulitazame Hazina Trade Centre, jengo la NSSF lililopangwa kupanda zaidi ya ghorofa 30. Mipango ikabadilika, mabishano yakaingia, likapunguzwa hadi 15. Kila sakafu pale imejengwa na shilingi 200 za mtu: mlinzi wa usiku Lavington, dobi wa hoteli Westlands, mpishi wa shule Kabete. Je, aliulizwa? Na mwajiri anayekata asiwasilishe, kama yule wa baba yangu, ametembelewa na askari mara ngapi? Mwizi wa kuku Kangemi hafiki jioni. Mwizi wa miaka 9 ya mizani hualikwa harambee akae meza ya mbele.

Halafu kuna mamilioni ambao hawakuwahi kuwa na karatasi ya mshahara. Mama wa mboga, fundi wa viatu, kibarua wa mjengo Kileleshwa anayebeba zege la ghorofa asizoweza kuzikanyaga zikikamilika. Hao wameachiwa Inua Jamii: tangu 2018, kila aliyetimiza miaka 70 anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi. Umri huo wa 70 una historia yake. Ujerumani ya Bismarck iliuweka mwaka 1889, ilipoanzisha bima ya uzee ya wafanyakazi. Uingereza ikaufuata mwaka 1908 kwa shilingi 5 kwa wiki. Nchi zile zilikwisha kuushusha umri huo miongo mingi iliyopita, sisi tukauokota. Zanzibar nao walianza na 70 mwaka 2016, kwa shilingi 20,000 za Tanzania kila mwezi, na nawaheshimu kwa kuwa wa kwanza katika eneo hili kumlipa kila mzee bila kumuuliza alifanya kazi ya nani. Kwa sababu mwenye kibanda amelipa kodi pia. Kila pakiti ya unga iliyopita mikononi mwake, kila lita ya mafuta ya taa aliyowasha, dola ilichukua sehemu yake. Naye yumo kwenye daftari la wadai, hata kama hakuna aliyemwandika.

Tanzania Bara walitufundisha jambo jingine. Mwaka 2018 kilipoletwa kikokotoo kipya cha pensheni, kilichoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, wafanyakazi hawakusema asante. Walipiga kelele kwa neno hilo hilo, kikokotoo, mtaani, kwenye daladala, kwenye vyama vyao, hadi Desemba mwaka huo Rais Magufuli akakisimamisha. Kikarudi mwaka 2022 kwa asilimia 33, kelele zikaendelea, na bajeti ya 2024 ikakisogeza tena, 40 kwa baadhi ya watumishi na 35 kwa wengine. Hawajapata walichotaka chote. Lakini mfanyakazi wa kawaida kule anaijua hesabu yake, anaibishania kwa tarakimu. Neno gumu la wahasibu limekuwa neno la kijiweni. Sisi huku bado tunasema "pesa za uzeeni zitakuja tu", kama wanaozungumzia mvua.

Nitaambiwa serikali haina pesa. Hata mimi mwisho wa mwezi sina, na mwenye nyumba hajawahi kulikubali hilo kama jibu. Dawa ya deni ni kulipa. Nchi hii inalipa hati fungani zake kwa tarehe, kwa sababu wenye hati hizo wakicheleweshewa siku moja dunia nzima itajua. Mzee wa Uthiru akicheleweshewa mwaka mzima anajua mkewe na mwenye duka.

Basi nawaambia wabunge, na ninawaambia kama mdai, maana nimerithi deni. Kifuteni kifungu cha 5. Chote. Andikeni mahali pake kwamba pensheni ni mshahara uliocheleweshwa kulipwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, na kwamba ni mali yake kama shamba lake. Mwajiri anayekata asiwasilishe ashtakiwe kwa wizi, wakurugenzi kwa majina yao. Faili la mstaafu lifunguliwe miezi 12 kabla hajaondoka kazini, si siku anapokuja na bahasha. Na wekeni riba.

Hili la riba sitaliachia. Ukichelewesha kodi yako, Mamlaka ya Ushuru pale Times Tower hukutoza riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Haikuombi subira. Haikuiti mzee wangu. Kipimo ni hicho hicho basi, kikombe cha pili. Karani wetu wa Uthiru anadai 1,800,000. Mwezi wa kwanza wa kuchelewa, serikali imwongezee 18,000. Wa pili, 18,000 nyingine. Ikimzungusha miezi 14, iwe imemwongezea 252,000, zilipwe bila yeye kuandika barua, bila kupanda lifti, bila kusema tafadhali kwa kijana mwenye umri wa mjukuu wake. Akifa katikati, hesabu iendelee kumsomea mjane wake, mwezi baada ya mwezi, mpaka mshale utulie.

Lile kopo la majani chai ninalo mimi sasa. Karatasi za miaka 9 bado zimo, zimekunjwa mara nne.